Busta za maembe: kilichonilipa na kilichokuwa maji ya rangi

Wakuu habari za mashamba. Kila ikikaribia mwezi wa sita huku Mkuranga maswali ni yaleyale, nipige nini miembe itoe maua mapema, busta gani kali (yaani dawa au mbolea ya kupulizia mti), hii ya chupa inafanya kazi au tunaibiwa, na majibu nayo ni yaleyale, kila mtu anasifia kile alichouziwa. Mimi nina miembe ya kupandikiza, mingi ni Apple, Tommy na Kent kidogo, na pembeni imebaki miembe dodo na bolibo ya enzi za mzee, mirefu hatari. Udongo mchanga mtupu, maji ya kisima. Nimeshapulizia poda na machupa ya kutosha misimu iliyopita, nikaona niandike rivyuu ya maana, siyo zile za "nzuri sana mkuu, chukua hata mbili".

Nitaongelea vitu vitatu: potasiamu naitreti ya poda, boroni ya poda, na zile busta za maji za kopo zinazoandikwa zina kila kitu. Na niseme mapema ili mwenye haraka aende zake: hela yangu sasa hivi inaenda kwenye poda mbili za kwanza na kwenye dawa ya ukungu, kopo la kila kitu nimeachana nalo.

Tuanze na potasiamu naitreti. Ni unga mweupe kama chumvi ya mezani, kwenye mfuko utaona namba 13-0-46, maana yake naitrojeni asilimia 13, fosforasi hamna, potashi 46. Ukiona namba nyingine ujue umepewa kitu kingine. Watu wa umri wa babu zetu wangeiita shura, maana ndiyo hiyohiyo iliyokuwa inaingia kwenye baruti, kwa hiyo usiiweke stoo moja na petroli ya jenereta wala usivute sigara ukiwa unaipima. Wakulima wa nyanya na pilipili hoho wanaijua vizuri kwenye dripu, ila mambo yake kwenye embe ni tofauti kabisa na yale.

Hii kitu ilianzia Ufilipino. Kule walikuwa na mtindo wa kuwasha majani mabichi chini ya mwembe na kuufukiza moshi siku nyingi mfululizo mpaka utoe maua, kazi ngumu, kuni, macho yanawaka, na wakati mwingine hautoi kitu. Miaka ya 1970 mtaalamu wao mmoja, Ramon Barba, akaonyesha kwamba ukipulizia maji yenye potasiamu naitreti kidogo tu kwenye aina yao ya Carabao maua yanatoka bila moshi, hata nje ya msimu. Aliiwekea haki miliki lakini akawaacha wakulima watumie bure, na 2014 serikali yao ikampa heshima ya Mwanasayansi wa Taifa. Mimi nikisoma habari kama hiyo nafikiria wazee wetu waliokuwa wanapigilia misumari kwenye shina na kumwaga chumvi ya kula kwenye mizizi. Msumari sawa, labda unaushtua mti kidogo, ila chumvi kwenye mchanga huu ni kuuwekea mti sumu kwa hela yako mwenyewe, acheni jamani.

Sasa hapa ndipo wengi wanapotea. Potasiamu naitreti siyo chakula cha maua, yaani usifikirie kwamba mti ulikuwa na njaa ya potashi ukaushibisha ukachanua. Kinachofanyika ni kwamba kile kichipukizi cha ncha ya tawi kimelala, hii dawa inakiamsha, ni kengele ya asubuhi siyo uji. Na kikiamka kinatoa kile kilichokuwa kimeshajiandaa ndani. Kama tawi limekomaa na limeshajiweka tayari kwa maua utapata maua. Kama bado utapata majani, tena mazuri ya rangi ya shaba yanang'aa, na msimu wako umeshaondoka hapo. Jirani yangu mmoja alipiga mara baada ya masika mti ukiwa bado una majani laini, akapata vichipukizi vya majani mti mzima halafu akaenda kugombana na muuza duka kwamba kauziwa feki. Haikuwa feki, ni ule mfuko mmoja tuliogawana, kwangu ulitoa maua.

Namna ya kujua mti uko tayari hailazimu bwana shamba aje. Nenda ncha ya tawi, shika jani la juu kabisa, livunje kwa kulikunja kiganjani. Jani lililokomaa ni la kijani cheusi, gumu, na ukilikunja linakatika kwa mlio, kacha, na vipande vinabaki mkononi. Jani changa linajikunja tu kama kitambaa halafu linarudi. Kisha angalia kichipukizi chenyewe pale katikati ya majani, kinatakiwa kiwe kimelala lakini kimenenepa, siyo kimechongoka na kuanza kufunguka kijani. Fanya hivyo pande zote za mti, maana embe ina tabia ya upande mmoja kuchipua na mwingine kulala, na hapo unapiga ule upande uliolala tu. Matawi yawe na umri wa miezi minne hivi tangu yalipochipua mara ya mwisho, chini ya hapo ni kubahatisha. Ndiyo maana wanaopunguza matawi mara tu baada ya kuvuna, mwezi wa pili hivi, wanafaidi kuliko anayekumbuka mkasi mwezi wa nne, kwa sababu majani yake yanawahi kukomaa. Na mti mdogo usiuguse, wa miaka miwili mitatu ukiulazimisha kuchanua unauchosha bure, hata ukizaa tawi halibebi.

Vipimo. Wenzetu wanatumia kuanzia asilimia 1 mpaka 4, kutegemea aina ya embe na mahali. Mimi natumia 2, yaani gramu 20 kwa kila lita. Bomba la mgongoni la lita 20 linataka gramu 400, la lita 16 linataka 320. Tumia mizani, ile ndogo ya jikoni inatosha, habari za "kopo moja la maziwa lililojaa" ndizo zinazounguza majani. Poda usiitupe moja kwa moja kwenye bomba, ianzie kwenye ndoo yenye maji kidogo, lita nne au tano, ukoroge mpaka maji yawe meupe kama hayana kitu. Hapo utaona jambo, ukiwa unakoroga ndoo inapoa, unaisikia kabisa mkononi kwamba maji yameshuka joto. Hiyo ni kawaida ya hii chumvi na ni dalili nzuri kwamba hujauziwa chumvi ya mawe iliyosagwa, maana ile haipozi maji hivyo. Sio uthibitisho kamili lakini, yurea nayo inapoza, na kuna wajanja wanachanganya. Bado mfuko wenye lebo na usajili wa TFRA, wale wasimamizi wa mbolea wa serikali, ndio wa kuamini.

Mti wa kupandikiza uliokuwa wa wastani unakula lita 10 mpaka 20 ukiupiga vizuri majani yalowe juu na chini na zile ncha zote zipate. Kwa hiyo kilo moja inatengeneza lita 50, hiyo ni miti mitatu minne mpaka mitano basi. Mwenye miti mia afanye hesabu yake mapema kabla hajaanza kununua robo robo. Ongeza stika kidogo ili maji yashike, jani la embe lina nta, bila stika yanateleza kama mvua. Piga alfajiri au jioni jua likiwa limelegea. Mvua ikinyesha muda mfupi baadaye hesabu umepiga bure, rudia ikikauka.

Majibu yanakuja haraka kuliko nilivyotegemea mara ya kwanza. Ndani ya wiki moja mpaka mbili kichipukizi kinavimba na kuanza kusogea, na hapo unaweza kutofautisha, cha maua kinatoka kikiwa kinene na kimejaa vivimbe vidogo pembeni, cha majani kinatoka chembamba na kunyooka. Kama mwezi hivi tangu upulize shada limefunguka. Kwenye Apple yangu inashika vizuri na maua yanatoka karibu pamoja, hilo peke yake ni faida kubwa kwa sababu mchumaji haji mara kumi na dawa ya ukungu unapiga ratiba moja. Tommy wastani. Kent yangu ni mkaidi, mingine inaitika mingine inanyamaza tu, na nikiuliza watu wengine nao wanalalamikia aina tofauti tofauti, kwa hiyo jaribu miti michache kwanza usipige shamba zima kwa sababu mimi nimesema. Maeneo yenye baridi kali ya msimu kama Florida huko Marekani dawa hii haina sifa, baridi yenyewe ndiyo inayoamua, lakini huku kwetu ukanda wa joto ndiko inakofanya kazi, na ukiunganisha na kile kiubaridi cha mwezi wa sita na wa saba inakuwa rahisi zaidi.

Faida yenyewe iko wapi? Iko sokoni. Embe za Pwani, Tanga, Morogoro zinakutana Desemba na Januari, hapo tenga linauzwa kwa bei ya kukuaibisha, nyingine zinaozea chini ya mti. Kutoka maua mpaka tunda kukomaa ni kama miezi minne, pungua au zidi kidogo kwa aina. Ukipiga mwanzoni mwa Juni, maua Julai, embe zako zinaanza kuingia mwisho wa Oktoba na Novemba kabla ya msongamano. Wiki tatu tu za kuwahi zinabadilisha bei kabisa. Kwa hiyo mimi hii poda siihesabu kama mbolea, naihesabu kama gharama ya kuwahi soko. Na ina uwezo wa kusaidia mwaka wa mapumziko, ule mwembe uliozaa sana mwaka jana na sasa hautoi maua, lakini siyo muujiza, mti uliochoka kabisa hauna kitu cha kuamshwa. Samadi kwanza.

Upande mbaya wake, ndiyo, upo. Ukiwahisha maua umeyawahisha kwenye kipindi chenye umande na ukungu wa asubuhi, na hapo ubwiri unga unakuja mbio. Watu wa korosho hapa Mkuranga mnaujua, ule unga mweupe unaofunika shada, kwenye embe ni ndugu yake na anafanya vilevile, shada linageuka kahawia, vitunda vya saizi ya punje ya mtama vinapukutika ukitikisa tawi kidogo tu. Kukinyesha mvua kipindi cha maua unaongezeka ugonjwa wa chule, madoa meusi kwenye shada na baadaye kwenye tunda. Nimeona mtu amepata maua mazuri mpaka watu wanapiga picha, halafu kavuna embe za kula na watoto. Mauzo ya poda yanaishia kwenye maua, wewe biashara yako ni matunda. Kwa hiyo bajeti ya salfa ya kuchanganya na maji na dawa nyingine ya ukungu iwepo kabla hujanunua hiyo poda, na salfa usiipige jua kali inaunguza. Dawa ya wadudu maua yakiwa wazi mimi siipigi, embe inachavushwa na mainzi na nyuki na vidudu vidogo vingine, ukiviua nani atakufanyia hiyo kazi. Nzi wa matunda tunapambana naye baadaye kwa mitego, huyo ni habari nyingine kabisa, Wakenya mwaka 2014 walijisimamisha wenyewe kupeleka embe Ulaya kwa sababu yake na wakarudi sokoni 2021.

Potasiamu naitreti naipa 4 kati ya 5. Ile moja nimeitoa kwa sababu ya Kent.

Sasa boroni. Hii inauzwa kama poda nyeupe nyepesi, yenye asilimia 20 na ushee ya boroni, Solubor ndiyo inayojulikana zaidi, kuna nyingine pia. Kuna na boraksi ya kawaida ambayo ina kama asilimia 11 na inayeyuka kwa shida kwenye maji baridi. Kazi yake haina uhusiano na kuleta maua, kazi yake ni baada ya hapo, chavua ikidondoka kwenye ua inabidi iote na kushusha kimrija mpaka ndani, na bila boroni ya kutosha kimrija hicho kinakufa njiani. Ua linaonekana zima, nyuki kapita, lakini tunda halishiki. Kwenye mchanga wetu huu mvua za masika zinaiosha boroni yote chini, kwa hiyo upungufu ni jambo la kawaida. Parachichi lisilo na boroni unaliona kwa macho, tunda linajipinda upande mmoja kama limebinywa.

Kipimo ninachotumia ni gramu 1 kwa lita, gramu 20 kwenye bomba la lita 20, mara ya kwanza shada likiwa limetoka ila maua hayajafunguka, na mara ya pili vitunda vikishaonekana kama naona mti unastahili. Na hapa nawaomba sana msiongeze kipimo. Potashi ukizidisha kidogo mti unasamehe, boroni haisamehi, kati ya kutosha na sumu ni padogo mno. Kingo za majani zinakauka kuanzia nchani, zinakuwa kahawia kama zimepitiwa na moto, na huna cha kufanya zaidi ya kusubiri. Mtu anayekupimia kwa kifuniko cha soda dukani usimsikilize.

Matokeo yake siwezi kukupa picha ya kabla na baada kama ile nyingine, maana hailipuki machoni. Nilichofanya niliacha mstari mmoja bila kupiga, na mstari uliopigwa ulibakiza vitunda vingi zaidi pale vilipofika saizi ya yai la kwale, tofauti inaonekana bila kuhesabu. Lakini tuelewane, shada moja la embe lina maua mamia, mengine yanafika maelfu, na mengi ni madume matupu yasiyoweza kuzaa hata uyapigie marashi. Likibaki na tunda moja mawili matatu mpaka mwisho hilo ni shada lililofanikiwa. Kwa hiyo mtu akiniletea video ya maua yamejaa chini ya mti akiuliza apige busta gani kuzuia kupukutika, jibu ni kwamba mengi ilikuwa yapukutike tu, mti hauwezi kubeba yote hayo. Angalia vitunda, ndivyo vya kusikitikia.

Wenzetu wa parachichi Njombe, Rungwe na kule Murang'a Kenya, kwenu boroni ina maana kubwa zaidi kuliko kwetu. Chuo Kikuu cha California pale Riverside, Carol Lovatt na wenzake walifanya majaribio kwenye parachichi aina ya Hass, wakakuta wakati mzuri ni pale shada likiwa limefumba limejikusanya mfano wa koliflawa, kabla maua hayajafunguka, boroni peke yake inaongeza mavuno, yurea isiyo na baiyureti nyingi (uchafu wa yurea unaounguza majani) peke yake nayo inaongeza, lakini ukizipiga zote mbili pamoja faida inapotea. Hii naiandika kwa sababu nimeona watu wanachanganya kila kilichopo stoo kwenye bomba moja kwa hoja kwamba kazi ya kubeba bomba ni moja. Na kabla hamjaanza kuchanganya hivyo kumbukeni parachichi ua moja linafunguka mara mbili, mara ya kwanza kama jike mara ya pili kama dume, asipokuwepo nyuki wa kuhamisha chavua hakuna poda ya kusaidia. Weka mizinga.

Boroni 4 na nusu. Bei ndogo, mfuko mdogo unakaa misimu, na hauharibiki ukiufunga vizuri.

Halafu kuna kopo. Sitaji jina, zipo nyingi na zinafanana, hili langu lilikuwa na picha ya mwembe umeinama kwa matunda na maneno kwamba lina madini yote, homoni, mwani wa baharini na nguvu za ajabu. Nilipewa na kijana wa duka la pembejeo mmoja mjini ambaye nilimuomba potasiamu naitreti akaniambia hiyo ya zamani kaka, siku hizi watu wanatumia hii. Lita moja ilikuwa inakaribiana bei na kilo ya poda. Sasa chukueni lebo tusome pamoja. Potashi asilimia 6, boroni asilimia 0.5, zinki, chuma, manganizi vyote chini ya moja. Kipimo, mililita 30 kwa bomba la lita 20.

Piga hesabu ya darasa la tano tu. Mililita 30 kwa asilimia 6 ni kama gramu 1.8 za potashi ndani ya bomba zima. Poda yangu gramu 400 kwa asilimia 46 ni gramu 184. Mara mia moja! Haya boroni, mililita 30 kwa nusu asilimia ni gramu 0.15, na gramu 20 za poda ya boroni zinakupa gramu 4. Kwa hiyo kopo linakupa boroni ya kuramba. Ukitaka kufikia kiwango cha kumwamsha mwembe kwa kopo hilo utamwaga lita tatu kwenye bomba moja. Siyo kwamba ni feki, lebo imesema ukweli wote, ni sisi ndio hatusomi, tunasoma picha.

Nililipiga kwa kufuata maelekezo, mara zote walizosema. Majani yalikuwa na kijani kizuri, hilo nakiri. Maua yalitoka pale pale ambapo miti isiyopigwa ilitoa. Kijana wa duka nilipomrudia akasema inabidi kurudia kila wiki mbili, bila shaka, na yeye ana kodi ya fremu. Kwa nyanya, mchicha, miche ya kitaluni, vitu vinavyokua haraka na vidogo, kopo kama hilo linaweza kuwa na kazi yake na sina ugomvi. Kwa mti mzima wa embe, 1 na nusu, na hiyo nusu ni ya rangi ya majani.

Zinki nayo watu huwa wanauliza. Ukiona majani ya nchani yamekuwa madogo membamba, yamesongamana pamoja kama ua la waridi, hapo zinki imepungua na salfeti ya zinki inasaidia. Ila usiichanganye kwenye bomba moja na kalisiamu naitreti, zinagandiana zinakuwa kama jasi na nozeli inaziba, utakaa chini ya mti unaipuliza kwa mdomo, jambo ambalo pia usilifanye kwa sababu mdomoni hapo inaingia dawa ya jana. Kwa parachichi zinki ya kupulizia haiingii vizuri kwenye jani, kuiweka chini kwenye mizizi ndiyo inayofanya kazi zaidi.

Kuhusu huduma ya maduka, neno moja tu. Poda hizi mbili zinauzwa sana kwa kupimiwa kwenye mfuko laini, hauna jina, umefungwa fundo. Potasiamu naitreti ikiachwa wazi kwenye hali ya hewa ya Pwani inaweza kugeuka bonge, na boroni ukiipokea kwenye mfuko usio na jina ukaiweka karibu na chumvi ya jikoni hiyo ni ajali inasubiri kutokea. Sisi majirani kadhaa tunachangishana, tunanunua mfuko mzima uliofungwa kiwandani, tunaufungua pamoja na mizani ipo, kila mtu na ndoo yake yenye kifuniko. Bei inashuka na unajua unachopiga. Na wenye hela ya kupima udongo pelekeni, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga wanapima, chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro wanapima, utajua kama unahitaji boroni kabla hujainunua.

Kwa mlioniuliza ile miembe dodo mirefu ya mzee naifanyaje, siipigi kitu. Bomba la mgongoni halifiki, ukilazimisha unapata shada la chini tu na maji yote yanakurudia usoni. Inachanua inapotaka na inazaa mwaka ikijisikia, naivunia ya kula nyumbani na kugawa. Kwa kupulizia bakini na miti ambayo mkiinua fimbo ya bomba mnagusa ncha, na kama imeshawazidi basi msimu huu vuneni mkate vichwa, mwakani ndio mrudi kwenye habari za naitreti.